Utani Ulioingia Kwenye Faili

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo nikiikumbuka nikiwa nakula naweka kijiko chini. Sikuua mtu siku hiyo, wala sikuiba. Nilifungua mdomo tu, nikasema maneno machache ya kuchekesha, na mtu mwenye kalamu akayaandika.

Nilikuwa kijana, sina hata ndevu za maana, mlinzi kwenye kiwanja kidogo cha ndege cha kampuni moja ya uwindaji, huko porini, mwendo wa nusu siku kwa baiskeli kutoka Inyonga. Usifikirie kiwanja chenye lami na jengo la abiria. Kile kilikuwa udongo uliofyekwa katikati ya miombo, geti moja la mabomba, kibanda cha mapipa ya mafuta, na kitambaa juu ya mti cha kumwonyesha rubani upepo unaelekea wapi. Kazi yangu ya kwanza asubuhi ilikuwa kufukuza ngiri. Ngiri wanapenda kiwanja cha ndege kuliko hata abiria, sijui kwa nini. Ukimfukuza anakimbia mkia juu, halafu anasimama anakuangalia kama wewe ndiye uliyemkosea. Basi, nisipotee.

Mlinzi mmoja kampuni ikaona hatoshi, wakataka wa pili. Rafiki yangu Masanja akaomba. Masanja Msukuma, mimi Mnyamwezi, kwa hiyo unajua mwenyewe: watani. Kama hujui, maana nyie wa siku hizi mnajuana kwa simu zaidi, nikueleze kidogo. Mtani ana ruhusa ya kukusema vibaya mbele ya mkweo, na ukikasirika wewe ndiye mwenye kosa. Ukifiwa, atakuja msibani atangaze kwamba marehemu alikuwa mvivu tangu zamani na hata kaburini atachelewa kufika. Watu waliokuwa wanalia wanajikuta wanacheka. Ni dawa ile. Sijaona hospitali inayoitoa.

Masanja akija kiwanjani alikuwa anaanza kupaza sauti toka mbali:

"Wewe mpagazi! Nani kakupa geti? Babu zako walibeba mizigo, hawakulinda mlango!"

"Nalinda usipite na ng'ombe wa watu," namjibu. "Simama hapo nikupekue, mkia unaonekana mfukoni!"

Tulikuwa hivyo kila siku, na muhogo wa kuchoma tukagawana ule ule mmoja.

Kwake ile haikuwa kazi tu. Alikuwa ameposa binti anaitwa Minza. Baba yake Minza, Mzee Bundala, alimwambia waziwazi: sitaki mkwe wa kuhamahama na mifugo, nataka mtu mwenye kituo, ambaye binti yangu akiumwa najua pa kumpata. Alipokea jembe la posa, ile ishara kwamba uchumba umekubaliwa, lakini siku ya ndoa ikawa inasubiri geti. Minza anasubiri. Masanja naye akashonesha suruali ya kaki kabla hata hajaitwa.

Kampuni haikuchukua mtu hivihivi. Ilimtuma bwana mmoja kutoka makao makuu, faili la kijani kwapani, azunguke kuuliza: huyu ni nani, ana tabia gani, amewahi kushtakiwa? Ni jambo jema, siwezi kulisema vibaya. Penye ndege pana mafuta, pana bunduki za wageni, pana roho za watu. Lazima umjue unayempa ufunguo. Yule bwana akanikuta mimi kwanza, saa nne asubuhi, nimeegemea geti.

"Unamfahamu Masanja?"

"Nani asiyemfahamu?" nikasema, uso mkavu kabisa, maana utani ukiuchekea mapema umeharibika. "Huyo alishafungwa kwa wizi wa ng'ombe, katoka juzi. Mkimpa geti, asubuhi mtakuta ndege inachungwa."

Nilikuwa nangoja acheke. Nilikuwa nangoja aniulize, wewe kabila gani, nimwambie, tucheke wote, halafu ndipo nimpe ukweli wa Masanja: kwamba aliwahi kuokota baiskeli porini akaisukuma siku nzima kijiji kwa kijiji akimtafuta mwenyewe. Hakucheka. Aliandika. Akanishukuru kwa heshima, akafunga faili, akapanda gari.

Hapo, mwanangu, ningeweza kukimbia nikagonga kioo. Miguu nilikuwa nayo. Lakini niliona aibu kumkimbilia mtu mkubwa na kumwambia nilikuwa natania. Nikajisemea atauliza na wengine, atajua tu. Kumbe alikuwa na haraka ya kurudi, sisi tulikuwa kituo cha mwisho cha safari yake. Nikarudi kwa ngiri wangu.

Wiki iliyofuata Masanja akaambiwa hafai. Sababu hakupewa. Ila maneno ya faili yalikuwa yamemfikia dereva wa yule bwana, na dereva akayamwaga kwenye mgahawa wa chai Inyonga kama habari za mpira. Yakafika kwa Mzee Bundala kabla ya jua kuzama: mkweo mtarajiwa ni mfungwa. Jembe la posa likarudishwa kwa kina Masanja, limeviringishwa kwenye kanga ile ile lililoendea.

Masanja akaja kukaa nami getini. Hakunitania. Akauliza, "Hivi ni nani anayenichukia hivi?" Mimi nikatikisa kichwa pamoja naye. Naandika hili ili unijue. Nilitikisa kichwa.

Nafasi yake akapewa jamaa mmoja aliyekuja na barua nzuri kutoka mbali, ina muhuri wa bluu, sahihi imejikunja kama mkia wa kinyonga. Huyo hakuulizwa mtu habari zake, kwa sababu huku hakuwa na anayemjua. Akapewa ufunguo wa kibanda cha mafuta. Alikuwa mpole, anaitikia kila kitu, mimi mwenyewe nilimpenda.

Jumapili moja nikaenda misa, nikamwacha na geti. Jumatatu asubuhi wageni wanne wakapanda ndege, wakafunga mikanda. Rubani alikuwa na kawaida yake, hakuiacha hata siku moja: kila akijaza mafuta, anachota kidogo chini ya bawa kwenye glasi, anainyanyua juani. Siku hiyo aliinyanyua, akaitazama sana. Akachota tena. Chini ya glasi palikuwa na maji, mafuta yanaelea juu yake. Yule jamaa alikuwa amewafungulia watu geti Jumapili, wakachota mafuta ya mapipa mawili, wakajazia maji ya kisima. Na yeye alishaondoka kabla hatujanywa chai.

Rubani aliwashusha wageni kwa sauti ya chini, kama mtu anayeamsha mtoto. Nilikuwa najua kingefuata nini kama angeruka: wangefika juu ya miti, injini izime, basi.

Meneja alikaa juu ya pipa. Akasema, si kwa mtu yeyote, "Hivi nchi hii yote hakuna mwaminifu mmoja wa kukaa kwenye geti?"

"Yupo," nikasema. "Alileta maombi. Mimi ndiye niliyemwita mwizi."

"Ulimwita mwizi kwa nini?"

"Ni mtani wangu, bosi."

Akashuka kwenye pipa. Halafu akaniletea karatasi na kalamu. Darasa la nne langu hili, mwanangu, lilitoa jasho. Nilianza kuandika asubuhi nikamaliza watu wanakula mchana, na karatasi yenyewe haikujaa. Meneja akaisoma, akasema ataituma, lakini kiwanja kinafungwa mpaka uchunguzi uishe, na ajira zote zimesimama. Kwa hiyo geti Masanja hakulipata. Sikudanganyi hapo. Karatasi yangu ilifika imechelewa.

Nikaenda kumwambia mwenyewe. Nilitegemea ngumi, na nilikuwa nimejiandaa, hata kofia niliivua. Akanisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Asante kwa kunieleza, ndugu."

Ndugu! Tangu tujuane hajawahi kuniita ndugu. Kuanzia siku hiyo tukikutana njiani ananisalimia kwa adabu kama mtu wa ofisini: habari za asubuhi, za nyumbani, haya kwaheri. Kama hujawahi kuamkiwa kwa heshima na mtani wako, hujui adhabu ni nini.

Nikapanda baiskeli kwenda kwa Mzee Bundala. Nilimkuta anapukuchua mahindi. Nikamwamkia, nikapiga goti, nikasema yote. Hakuacha kupukuchua.

"Ulipokuwa unamtania, Masanja alikuwepo?" akauliza.

"Hakuwepo, baba."

"Aliyekuwa anakusikiliza alikuwa mtani wenu?"

"Hapana, baba."

"Basi hukumtania. Ulimsema." Akatupa gunzi pembeni, akachukua hindi lingine. "Mtani anasemwa mbele ya uso wake ili na yeye akurudishie. Wewe ulimpiga mtu aliyefungwa mikono, tena kwa mgeni."

Akaendelea kidogo na mahindi yake, halafu akasema kwa sauti nyingine kabisa, "Na mimi nimemrudishia kijana jembe lake kwa maneno ya mgahawa wa chai. Tuko wawili wajinga. Mwambie alilete. Geti au bila geti, alilete."

Wakaoana baada ya mavuno. Masanja alipata shamba la tumbaku karibu na wakwe, akatulia. Siku ya harusi sikuthubutu kukaa mbele, nikajibanza nyuma ya ghala na sahani ya wali. Mara nasikia sauti ya bwana harusi, kubwa, harusi nzima inaisikia:

"Yule Mnyamwezi aliyejificha mmempa nini? Mpeni ulimi wa ng'ombe! Wa kwake ameshautumia wote mwaka huu!"

Watu walianguka kwa kicheko. Minza mwenyewe alicheka mpaka akafunika uso kwa kanga. Mimi nililia, machozi yakaingia kwenye wali, nikaula hivyo hivyo. Sijawahi kula wali mtamu kama ule.

Sasa kwa nini nakuandikia haya. Juzi hapa Ilembo simu yangu imeita. Mama mmoja, sauti nzuri, anasema anatoka ofisi inayochunguza waombaji kazi. Binti wa jirani yangu, Editha, ameomba kazi ya kukagua mizigo ya abiria kwenye kiwanja cha ndege, akaweka jina langu. Nikamwambia mama, subiri. Nikamuuliza Editha kwanza kama ni kweli anawajua hao watu. Ni kweli. Ndipo nikasema niliyoyaona kwa macho yangu: ni mwaminifu, anaamka mapema, wateja wakisahau chenji dukani kwa baba yake anawakimbilia mpaka barabarani. Mama akauliza, je, ana mchumba? Ana mpango wa kuzaa karibuni? Babu zake walivuka kutoka Burundi lini? Nikasema, "Mama, yaliyo ya kazi nimekupa. Hayo mengine ni ya kwake. Muulize yeye, akitaka atakwambia." Akasema sawa babu.

Basi sikiliza, mwanangu. Mtu akikuuliza habari za mwenzako, hakikisha kwanza ni nani na anazitaka za nini. Ukishajua, mpe ulichokiona, usimpe ulichosikia. Kama mwenzako ana kasoro inayoweza kudhuru watu, iseme bila kupepesa, maana mlango wa ndege si mahali pa kumweka mtu kwa huruma. Lakini ya chumbani kwake, ya mwilini mwake, ya ukoo wake, mwachie mwenyewe. Na utani mpelekee mtani wako usoni. Usiuandike kwenye makundi ya simu ambako watu mia hawaoni kama unacheka. Kama umeshakosea, kimbia ugonge kioo cha gari siku hiyo hiyo, ukiwa na aibu yako hivyo hivyo. Aibu ya dakika moja niliikwepa mimi, akaibeba Masanja miezi.

Nakuombea kwa Mungu upate kazi ya halali na watu wa kukutania. Akupe ulimi mzito kwa mgeni na mwepesi wa kuomba radhi. Na popote jina lako litakapotajwa wewe usipokuwepo, Mungu ajalie aliyeulizwa awe mtu anayekupenda.