Nilimsomea mama riwaya ya Kimarekani ili amkubali shemeji, akaamini mzimu akakataa historia

Wakuu, habari za weekend. Vuteni viti, nisikilizeni polepole. Dada yangu naye yumo humu jukwaani, kwa hiyo nikiongeza hata neno moja atanirekebisha mbele yenu.

Mimi niko Louisville hapa Marekani, mtaa wa Beechmont. Dada yangu Evelyne anafanya kazi ghalani Columbus. Mama yuko Buffalo kwa kaka yetu mkubwa. Sisi ni Warundi, tumekulia kambi ya wakimbizi Tanzania.

Evelyne alipata mchumba, Darnell, Mmarekani mweusi, fundi bomba. Kijana mpole, kanisani anakwenda, hadi dagaa anakula.

Mama akamkataa.

Kwa wasiojua: kwetu siku ya kuposa, msemaji wa upande wa mwanamume husimama na kutaja ukoo. Huyu ni mwana wa fulani, mjukuu wa fulani, wametoka kilima fulani. Basi mama akamuuliza Darnell kwenye simu ya video, Evelyne akitafsiri. Darnell akapanda ukoo wake, akapanda, akafika kwa bibi wa bibi yake, akakwama.

"Mtu mzima hajui kwao?" mama akasema. "Huyo anaficha kitu. Sitoi mtoto kwa mtu aliyedondoka kutoka mawinguni."

Evelyne alilia sana. Akaniambia waziwazi kwamba bila baraka ya mama haolewi, yuko tayari kumwachia kijana aende zake.

Sasa mimi napenda vitabu. Wakati huo nilikuwa nasoma riwaya ya familia moja ya watu weusi wa Kusini, vizazi vinne, kuanzia utumwani. Ina maajabu ndani yake: bibi aliyekufa zamani hurudi jikoni kukoroga maharage ya wajukuu.

Nikaanza kumsomea mama kwa simu, kila Jumapili baada ya ibada, natafsiri papo hapo. Sababu sikumwambia.

Nilijua huyo bibi atamsumbua, maana mama ameokoka na mambo ya mizimu hataki. Nikaandaa maelezo marefu.

"Mama, usishtuke, hii ni mbinu tu ya mwandishi..."

"Mbinu gani? Wanapika vibaya, amerudi kurekebisha. Endelea."

Nikaendelea. Tukafika sura ambayo watoto wa yule bibi wanauzwa, kila mmoja upande wake, na kila mmoja anapewa jina la mnunuzi.

"Aaa, hapo mwandishi kazidisha," mama akasema. "Watoto wauzwe kama mbuzi, na majina wanyang'anywe? Hiyo sasa ndiyo ya kutunga."

"Mama, hiyo ndiyo ilitokea. Ya kutunga ni ile ya jikoni."

 

"Nisomee tena. Taratibu."

Nikarudia. Wakuu, huyu ni mama aliyetuvusha mpaka kwa miguu, huku akituimbisha majina ya babu zetu njia nzima ili yasipotee. Nilikuwa sijalifikiria hilo hadi niliposikia anavyopumua kwenye simu.

"Muunganishe yule kijana."

Nikamuunganisha, mimi nikawa mkalimani.

"Huyo bibi uliyekwama kwake, anaitwa nani?"

"Odessa, mama."

"Alikuwa anapika nini?"

Darnell akaeleza mboga za majani zilizochemshwa muda mrefu na nyama ya kukaushwa kwa moshi, jinsi alivyosimuliwa na mama yake.

"Basi una kwenu," mama akasema. "Siku ya kuposa, msemaji wako aanzie kwa Odessa. Akifika hapo asione haya. Mimi mwenyewe nitasimama niwaeleze watu kwa nini hapaendelei."

Evelyne naye alikuwa kwenye laini, anasikiliza. Akapiga kelele hadi Darnell akauliza kama kuna moto.

Mama akamalizia: "Na yule wa jikoni apunguze kukoroga. Maharage yanapondeka."

Nilichojifunza ni kwamba mama hakuwa na roho mbaya. Alikuwa tu hajasimuliwa. Wenye wazazi waliogoma kama wangu, shusheni yenu hapa, nasoma zote.

Na kama hujui pa kuanzia, tafuta riwaya ya familia, mpigie mzazi Jumapili hii, msomee sura ya kwanza, na usimwambie kipi ni cha kweli mpaka aulize mwenyewe.