Matope ya Jumapili

Mimi watu wa baiskeli siwataki. Nasema hivyo nikiwa nimewauzia kahawa miaka ishirini na sita, na baba yangu alikuwa mmoja wao, na kaka yangu Wilfried ndiyo usiseme. Wanaingia mkahawani kwangu Jumapili saa tano wamelowa chapachapa, viatu vyao vinakwaruza sakafu niliyoipiga deki alfajiri, halafu wanaanza kubishana nani alijificha nyuma ya mgongo wa nani upepo ulipovuma. Lakini habari hii si yao. Ni ya wifi yangu Lutgarde, mke wa Wilfried, ambaye hakuwahi kuomba baiskeli maishani mwake, na bado ikampata.

Wilfried alipigwa na kiharusi mwezi wa kumi. Mkono wa kulia ukafa, mguu ukawa wa kuburuta, maneno yakawa yanatoka moja moja. Mtu aliyepanda vilima vyetu vyote vya mawe kila Jumapili kwa miaka thelathini akalala akageukia ukuta. Kula hataki. Lutgarde akimpelekea kijiko, anafumba mdomo. Daktari akasema mwili unaweza kurudi kidogo, ila mwenyewe asipotaka kuishi, hakuna dawa ya hilo.

Januari, siku moja, akanyoosha kidole kuelekea bandani. Alitaka nini? Baiskeli yake. Lutgarde akaiingiza jikoni, karibu na jiko la makaa, na kaka yangu akakaa saa mbili nzima akiteremsha kiti chake kwa mkono mmoja, jasho likimtiririka. Alipomaliza akamwambia mkewe, "Ijaribu. Kwa ajili yangu."

Wifi hakuwa amewahi kwenda na baiskeli mbali kuliko kwa mwoka mikate. Akazunguka kilomita kumi, akarudi pua inachuruzika na masikio hayasikii. Wilfried akamuuliza gia zilibadilika vipi, upepo ulitoka wapi, mnyororo ulilia sehemu gani. Akajibiwa yote. Siku hiyo alikula sahani mbili za viazi na nyama, akaomba na bia.

Hapo ndipo Lutgarde aliponaswa. Kila wiki Wilfried akawa na jambo la kuiboresha ile baiskeli. Alifunga jiliwa, kile chuma cha kubania vitu, kwenye meza ya jikoni, vitu vikawa vinashikwa kwa jiliwa, kwa magoti, na vingine kwa meno. Akang'oa vile vijiti vya gia vya zamani vilivyokuwa chini kwenye fremu, akaweka vya kisasa vinavyokaa palepale kwenye breki, ili mkewe asiachie usukani vidole vikiwa vimekufa ganzi. Nyuma akaweka gia kubwa yenye meno mengi, ya kupandia mlima. Usukani akauzungushia utepe mara mbili. Na kila kilichoongezwa kilidai kujaribiwa. Kilomita kumi zikawa thelathini, thelathini zikawa sitini, na mlima Hazelberg ndani yake.

Sasa mhesabie huyu mwanamke wiki yake. Saa kumi na mbili asubuhi yuko kiwandani kwenye mashine za mazulia. Mchana anarudi kumwogesha mume, kumvalisha, kumgeuza, kufua. Usiku anaamka mara mbili kumpeleka chooni. Jumapili, siku ambayo hata farasi wa kulimia hupumzika, yeye yuko barabarani anapigwa na mvua. Watu wa kijijini wakimwona wanasema ng'ombe haelemewi na nundu yake. Walioyasema hayo hawakuwahi kumnyanyua mwanaume wa kilo tisini kutoka bafuni.

"Acha, wifi," nilimwambia. "Mwambie basi."

"Nikiacha atageukia ukuta tena."

"Na wewe je?"

"Mimi nitapumzika nikifa."

Jumapili ya kwanza ya mwezi wa tatu ilinyesha ile mvua iliyochanganyika na theluji, na upepo unatoka kaskazini-mashariki, ule unaopita katikati ya vifungo vya koti. Mkahawa wangu uko chini kando ya mto, mwanzo wa safari yake, kilomita nne tu kutoka kwake. Saa tatu na nusu mlango ukafunguka, akaingia Lutgarde. Midomo ya buluu. Hakuweza kuvua glavu, nikamvua mimi. Nikamkalisha karibu na jiko, nikamletea kahawa, na kabla hajaonja akaanza kulia. Si kilio cha sauti, machozi tu yanashuka na yeye anayatazama.

"Siwezi kupanda ule mlima leo, Arlette. Miguu imekataa."

"Nani kasema upande? Kaa hapo."

Akaweka kichwa mezani akalala saa mbili na nusu, kelele za wacheza karata juu yake. Kina Odiel walipoingia saa tano, maana Odiel ndiye kiongozi wa chama cha baiskeli na mdomo wake hauna breki, akamwona akacheka. "Loo! Kumbe Lutgarde siku hizi anafanya mazoezi ya kukoroma?"

"Fumba domo lako, Odiel," nikamwambia, "la sivyo kuanzia leo kahawa utakunywa mtoni."

Akafumba. Tena Lutgarde alipoamka akageuka mtu mwema: akamweleza kila kitu walichopitia, upepo uliwapiga upande gani, nani alipata pancha, wapi mawe yaliteleza. Wifi akakariri kama mtoto wa mafundisho ya ubatizo. Kisha akaniangalia. "Na baiskeli? Ni safi mno."

Basi wanawake wawili watu wazima tukatoka uani na kijiko cha supu. Nyuma ya mkahawa kuna mtaro. Tukachota matope tukaipaka ile baiskeli fremu, rimu na mnyororo. "Weka na chini ya kiti, wifi," ananielekeza. "Huko huwa yanaruka." Tukacheka mpaka nikashika ukuta. Tangu mwezi wa kumi sikuwa nimesikia kicheko chake.

Jumapili ya pili tukafanya vilevile. Ya tatu pia. Wilfried akala, akauliza maswali, akaendelea kutengeneza, nami nikajiona mjanja kuliko daktari. Waliosema njia ya mwongo ni fupi hawakukosea, ila sisi tuliiona inaendelea tu.

Jumapili ile ya tatu nilifunga mkahawa saa saba, nikawapelekea keki kama kawaida yangu. Wiki hiyo Wilfried alikuwa amebadilisha tairi zote mbili na raba za breki. Kuvalisha tairi mpya kwenye rimu kunamshinda hata mwenye mikono miwili. Yeye ilimchukua Jumatatu hadi Jumamosi, na ncha za vidole vyake zilikuwa zimepasuka, zimefungwa plasta. Nilipoingia, baiskeli ilikuwa imetundikwa jikoni, matope yetu yameanza kukauka. Lutgarde amesimama anamenya viazi.

"Hazelberg... ulipita?" Wilfried akauliza.

"Nilipita."

"Upepo?"

"Wa usoni mpaka kileleni. Kwenye mawe waliteleza... nilikaribia kuteleza."

Akazungusha gurudumu polepole kwa mkono wake wa kushoto. Akapitisha kidole gumba juu ya tairi, na mimi nikaona anachokigusa. Tairi mpya ina vinyweleo vidogo vya raba vimesimama kote. Mawe ya mlimani huvimaliza, lami ya kuja kwangu huviacha. Vilikuwa vimesimama karibu vyote, hata katikati. Akainamia breki: zile raba zilikuwa laini, hazina mkwaruzo wa maana. Mtu hashuki Hazelberg bila kushika breki labda awe anakwenda makaburini.

Akabandua kipande cha matope kwenye fremu, akakisaga vidoleni.

"Udongo wa mlimani ni wa manjano," akasema. "Huu wa kijivu. Wa mtoni." Akaninyooshea kidole. "Wa kwa huyu."

Mimi nikiumbuka huwa mkali. "Ndiyo, wa kwangu!" nikafoka. "Nimeupaka kwa mkono wangu! Ulitaka umuue mkeo kwa baridi ndiyo ufurahi?"

"Arlette, nyamaza," Lutgarde akasema. Akaweka kisu chini. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Nimechoka, Wilfried. Nimechoka mpaka ndani ya mifupa. Siipendi baiskeli, sijawahi kuipenda. Nilikuwa naogopa nikikwambia utageukia ukuta uniache peke yangu humu ndani. Nakuomba, usigeuke."

Nilidhani kaka atalia, au atatupa kitu. Hakufanya hivyo.

"Nilijua," akasema. "Tangu Jumapili ya kwanza."

"Ulijuaje?"

"Mikono. Tangu Januari unarudi mikono ya barafu. Unanivua soksi, nashtuka. Siku ile ilikuwa ya moto. Nikasema... amelala mahali. Afadhali."

Lutgarde akamtazama vidole vyake vyenye plasta. "Ulijua sipandi popote, halafu ukakaa wiki nzima unavalisha tairi?"

Alichukua muda kuyapanga maneno, tukamsubiri. "Baiskeli ikiwa na kitu kipya, unatoka. Isipokuwa nacho, unabaki. Siku zote sita unanitazama mimi. Nilitaka upate hata saa tatu... usinitazame."

Mimi nilikaa chini.

"Sasa leo mbona umesema?" nikamuuliza. "Ungenyamaza, tungeendelea."

"Nimechoka na mimi. Nauliza, yeye anatunga. Kachoka hivyo, bado ananitungia upepo." Akafuta matope kwenye suruali. "Jumapili ijayo usiende. Mlimani usiende, kwa Arlette usiende."

"Nifanye nini?"

"Ukae hapa."

"Na wewe hutageuka?"

"Sigeuki. Shingo inauma."

Lutgarde akavuta kiti, akakaa mbele yake, mikono imelowa maji ya viazi. Alionekana kama mtu aliyeteremsha mzigo na hajui aweke wapi mikono. Akafikiri sana.

"Wilfried, tumeoana miaka thelathini na moja. Kila Jumapili wewe ulikuwa barabarani. Mimi hata sijui watu wanafanya nini na waume zao Jumapili."

Kaka yangu naye akafikiri. "Hata mimi sijui," akasema.

Wakageuka wote wawili wakaniangalia mimi, wanasubiri niwaambie. Nikachukua kisu nikaanza kukata keki. Nilimzika mume wangu miaka minane iliyopita, naye alikuwa mtu wa baiskeli.