Mfuniko wa Simeoni

"Mmeniletea maiti mlangoni!" Simeoni aliwafokea wapiga mbizi waliokuja kutafuta ndege ya vita iliyozama ziwani. Walitaka tu awaonyeshe mahali nyavu zake hukwama.

Shemeji yangu huyu amevua miaka thelathini, tena ana mdomo, lakini siku hiyo alikimbilia jikoni kwangu. Chungu chetu cha mlenda kilifunikwa kwa bati jepesi la ndege hiyo, ambalo marehemu baba yake alilinasa kwenye wavu akalifua. Kwetu vitu vya marehemu havigawanywi kabla ya matanga kuisha, na rubani aliyezama na ndege ile hata kuzikwa hajazikwa.

"Shemeji, rubani akinifuata?" Simeoni aliniuliza.

"Angeanza na mimi mpishi. Toa!"

Akautoa mfuniko umefungwa kwenye kanga yangu, asiuguse. Catherine, mkubwa wa wapiga mbizi, akaugeuza, akakuta namba zilizogongwa kwenye bati.

"Shikamoo, mzee. Kwa namba hizi tutawapata ndugu zake, wamlilie."

"Kwa hiyo hanidai tena?"

"Hakudai."

Simeoni akavuta pumzi, akasukuma mtumbwi kwenda kuwaonyesha. Jioni nilifunika mlenda kwa sahani, naye akala bila kutazama mlango.