Hata Ua Halishiki Mkononi Mwake

Admin, nifiche jina, na mtaa pia usiutaje, maana Bariadi ni ndogo na wenye kunijua watanijua tu. Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na mitatu, nina duka la vitenge, nimeolewa mwaka wa tisa huu na sijajaliwa mtoto. Msianze kuniandikia dawa huko chini, hospitali tulienda wote wawili na hatukuambiwa tatizo. Kilichonileta hapa ni maua. Ndiyo, maua. Cheka kwanza, halafu usome.

Tuna kikundi cha wanawake wapenda maua. Hatuuzi, ni starehe yetu tu. Kila mwezi tunakutana kwa mmoja wetu, tunakunywa chai na kubadilishana vijiti vya kupanda: waridi, bogenvilia, chochote ambacho mwenzako hana. Utaratibu wetu, kila mtu ana mwenzake mmoja wa kubadilishana naye. Wangu tangu mwanzo ni dada mmoja, nitamwita Kabula, ambaye ndiye aliyenisimamia ndoa. Nikigombana na mume nakimbilia kwake. Nikilia kwa ajili ya mtoto, nalia kifuani kwake.

Sasa, vijiti nilivyompa Kabula vilishika vyote. Bogenvilia yangu imepanda mpaka juu ya geti lake, watu wanasimama kupiga picha. Vya kwake nikivipanda kwangu, wiki haiishi vimekauka. Nilibadilisha udongo, nikaweka kivuli, kiangazi nikamwagilia maji ya kununua huku mume ananiangalia tu. Wapi! Wenzangu wakaanza utani: "Dada, wewe una mkono mbaya." Nikacheka nao. Na Kabula kila mara aliniletea vijiti vimefungwa chini kwa kitambaa kibichi na udongo mweusi, ananiambia, "Panda hivyo hivyo usifungue, hiyo ni dawa ya mizizi." Nami nashukuru, mjinga mimi.

Utani huo ukafika kijijini Mwamapalala, kwa mama mkwe. Pamba ilipoisha kuvunwa, familia ikakaa kikao, mume wangu atafute mwanamke mwingine wa kumzalia. Kabula aliitwa kama msimamizi wa ndoa. Mama mkwe akamgeukia, watu wote wanasikia, akasema, "Mayu," yaani mama kwa Kisukuma, "mimi huyu simchukii. Lakini hata ua halishiki mkononi mwake, mtoto atashikaje?" Nikamwangalia Kabula anitetee. Akainamisha kichwa, akasema taratibu, "Mama, kila mtu na mkono wake." Nilidhani ni uchungu umemfunga mdomo. Mume wangu akaomba muda wa kufikiri, na mpaka leo anafikiri.

Nilirudi mjini na hasira zangu, nikapeleka hoja kwenye grupu letu. Nikasema tuache mambo ya mtu na mwenzake, tupige kura nani apate cha nani, na kila mtu alete mche uliokwisha kushika kwenye kopo, wenye jani jipya, ili anayepokea aone kabisa kwamba kitu kiko hai. Wengi walikubali. Aliyepinga kuliko wote ni Kabula. Alituma sauti ndefu: "Hapa tulikuja kupendana, siyo kukaguana! Mkianza hivyo mimi sitakuwepo." Tukakubaliana tuamue Jumamosi hii, siku ya kubadilishana.

Juzi asubuhi nikampelekea mbolea ya ng'ombe kutoka kwa wakwe. Nikapita mlango wa nyuma kama kawaida yangu, nikaamkia, "Mwangaluka!" Jiko la mkaa linawaka, sufuria juu, maji yanatokota, na ndani vijiti vya waridi vimesimamishwa, ncha za chini zote ndani ya maji. Pembeni kitambaa na udongo mweusi vipo tayari. Kabula akatokea, akaniona, akaganda. Nikamuuliza, "Dada, unachemsha maua?" Wallahi nilidhani anaua wadudu. Angeniambia hivyo ningeamini na chai ningekunywa. Badala yake akaanza kulia.

"Wewe una duka, una mume anayekupenda pamoja na yote," akasema. "Mimi wangu alinikimbia. Watu wanakuja hapa kwa sababu ya maua tu. Yakiota na kwako pale barabarani, nani atakuja kwangu?"

Nikamuuliza, "Na siku ile kwa mama mkwe?"

"Ningesema nini? Ningeanzia wapi?"

Jamani! Si ungeanzia pale pale! Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, mimi changu kilinisimamia ndoa. Nilimwaga ile sufuria uani, nikaondoka bila kuaga.

Jana akapiga simu. Yuko tayari kwenda Mwamapalala, apige magoti, amweleze mama mkwe kila kitu. Sharti lake, niiondoe hoja yangu na kikundini nisiseme neno. Nikisema, atakana mbele ya wote, na Mwamapalala hatakanyaga. Na kweli, nani ataniamini mimi mwenye mkono mbaya?

Najua maua hayazai mtoto, msinifundishe. Ila mdogo wangu alijifungua hivi karibuni, akaninyooshea kichanga chake nikipakate. Nikamwambia mikono yangu michafu. Haikuwa michafu, nilikuwa nimetoka kunawa. Niliogopa nikimshika atakufa. Huko ndiko nilikofikishwa, na Kabula alikuwa anajua dawa yake ni neno moja tu.

Ndugu zangu, nishaurini bila matusi. Nikinyamaza, mama mkwe ataujua ukweli na huenda ndoa yangu ikapona, lakini kesho atatafutwa mwanamke mwingine wa kupewa vijiti vilivyochemshwa, naye ataamini mkono wake unaua. Nikisema, nitaonekana mwongo mwenye wivu, na mke mwenza ataingia kwangu. Jumamosi ni keshokutwa na wote watanigeukia niitetee hoja yangu. Nifanye nini?