Punda wa Baluni Kakuma

Mdogo wangu alikuja kuishi nami Lodwar baada ya mama yetu kufariki, kwa sababu ndugu zetu wengine, kule Kitale, walisema nyumba zao ni ndogo. Yangu ilikuwa chumba kimoja na jiko la nje. Nilikuwa karani katika ofisi ya maendeleo ya jamii. Yeye alikuwa mtu mzima, miaka ishirini na ushei, ambaye hakupenda kushikwa mkono, hakula chakula kilichochanganywa, na makelele yalimuumiza kama kipigo. Neno usonji nililisikia miaka mingi baadaye. Wakati ule watu walisema tu "yule wa karani", wakaacha kumpa mkono, jambo lililomfaa.

Mdogo wangu alipewa baluni na padre mmoja mgeni aliyekuwa akifunga mizigo kurudi kwao. Zilikuwa zile ndefu, nyembamba, katoni nzima. Mdogo wangu alizipuliza bila kuzijaza, akazisokota, akapata punda. Kesho yake akatengeneza punda mwingine. Nilimwuliza kama anaweza kutengeneza kitu tofauti.

"Naweza," alisema, akatengeneza punda.

Katikati ya miaka ya sabini wilaya iliandaa tamasha la sanaa Kakuma, ambayo siku hizo ilikuwa maduka machache, misheni, kituo cha polisi na vumbi. Kila ofisi ilitakiwa kupeleka kitu. Watu wa kilimo walikuwa na kwaya. Sisi hatukuwa na chochote. Mkubwa wangu wa kazi alipita nyumbani, akaona punda wamejipanga ukutani, akasema, "Dada, ofisi imeokoka."

Nilimwuliza mdogo wangu kama angependa kwenda. Alifikiri mpaka jioni.

"Nitakaa mbali na ngoma," alisema. "Na watu wasinipigie makofi."

Mkubwa alikubali upesi mno.

Kule Kakuma tulimwekea meza chini ya turubai, kando. Aliziba masikio kwa pamba, akaanza kazi. Wazee waliokuja na mifugo yao wakamzunguka kama wako mnadani. Mmoja alisema miguu ya mbele ya punda ni mifupi. Mwingine akasema si mifupi, amepiga magoti. Wakabishana kwa bidii, kisha wakauliza kwa nini mtu mwenye akili zake atengeneze punda badala ya ng'ombe dume, wakaenda zao.

Wanawake walibaki. Punda ndiye huwabebea nyumba wanapohama. Mama mmoja, shanga zimemjaa shingoni, aliinama akamtazama mmoja kwa muda mrefu.

"Hii inabeba nini?"

"Habebi kitu," mdogo wangu alisema.

"Basi hii ni punda ya serikali."

Mdogo wangu hakucheka, lakini alimtazama usoni. Hilo hakulifanya kwa kila mtu.

Halafu akaja mgeni wa heshima na msafara wake. Akaagiza ng'ombe.

"Sitengenezi ng'ombe," mdogo wangu alimjibu.

Mkubwa wangu alicheka peke yake. Mgeni naye akacheka, akamnyanyua punda mmoja juu ili watu wamwone, akamminya. Baluni ikapasuka. Katika nchi ile ya wizi wa mifugo, mlio unaofanana na wa bunduki haukuchukuliwa kwa mzaha. Askari wote wakalala kifudifudi. Kwaya ya kilimo ikaishia katikati ya ubeti. Mgeni wa heshima nilimwona chini ya meza yetu, amebaki ameshika kipande cha mpira. Alipoinuka na kujipangusa, watu wakampigia makofi.

Mdogo wangu alikuwa ameshaondoka.

Nilimkuta kwenye mchanga wa mto Tarach, ambao ulikuwa mkavu. Alikuwa ameziba masikio kwa viganja, akijitikisa mbele na nyuma. Sikumgusa. Nilikaa karibu, nikiwa na hasira nisiyojua nimpelekee nani. Baada ya muda yule mama wa shanga akaja na punda wake wa kweli, mzigo mgongoni. Alikaa mbali kidogo na sisi. Punda hakulia, bahati nzuri.

Mwishowe mdogo wangu akashusha mikono.

"Mzigo hauanguki?" aliuliza.

"Kuja uone," yule mama alisema.

Alimwonyesha jinsi miti ya nyumba inavyowekwa kila upande, ngozi juu, na kamba inapopita chini ya tumbo. Alifungua, akafunga tena, polepole. Mdogo wangu akatoa baluni mfukoni. Safari hii punda alikuwa na mzigo. Yule mama aliukagua, akauvuta kidogo, akaridhika. Mdogo wangu, ambaye hakuwahi kumpa mtu hata punda mmoja, alimkabidhi huyo. Mama akamfunga juu kabisa ya mzigo wake, nao watatu wakaondoka.

Kwenye meza hatukurudi. Ofisi yetu haikupata zawadi yoyote.

Tulipanda Lendirova ya serikali kurudi Lodwar, na mdogo wangu akaanza kuongea. Aliongea habari za kamba, mafundo, na namna ngozi inavyokunjwa, mfululizo, kama redio. Sikuwahi kumsikia hivyo tangu azaliwe.

"Kumbe anajua kuongea," dereva alisema.

Nikamwambia aangalie barabara, asimkatize.