Mtu ya Nini? Safari Yangu kutoka Jinja hadi Wanale

Nyinyi wa nyumbani mmenitaka mara nyingi niwasimulie safari ile ya Mbale, na kila nikianza naishia kwenye habari za chakula. Leo nitajitahidi. Kilichonitoa Jinja kilikuwa mtoto asiye na jina.

Mtoto mwenyewe alikuwa wa dada yangu Akinyi. Akinyi aliolewa na Mgisu aitwaye Mafabi, fundi wa baiskeli, mtu mpole ambaye alikuwa anacheka kabla hujamaliza kisa. Kukaa na mtu kama huyo ni raha, maana hata kisa kibovu kinapona. Ulikuwa wakati ule wa utawala wa wanajeshi. Mimi nilikuwa napasua mbao Jinja, nimepanga chumba Bugembe pamoja na Wakenya wenzangu. Siku moja watu wenye miwani myeusi walimsimamisha Mafabi sokoni Nakaloke, huko kwao Mbale, wakamtia garini. Basi, hivyo tu. Kosa halikutajwa, na aliyeuliza aliambiwa arudi nyumbani wakati bado ana miguu. Akinyi alikuwa na mimba. Akajifungua mtoto wa kiume, Mafabi hajarudi.

Hapa nisimame kidogo kwa ajili ya wajukuu, ambao siku hizi mnapewa majina kutoka kwenye redio. Kwetu Wajaluo, na kwa Wagisu pia, mtoto mchanga akilia asinyamaze, wazee husema anatafuta jina. Wanamtajia majina ya marehemu wa ukoo, moja baada ya jingine, na lile litakalomnyamazisha ndilo lake. Majina ya marehemu, mmesikia? Aliye hai hatajwi. Sasa mtoto wa Akinyi alilia tangu kuzaliwa. Nyanya yake, mama yake Mafabi, alitaja mababu wote mpaka wakamwishia. Wapi! Likabaki jina moja, ambalo kila mtu pale alikuwa nalo mdomoni na hakuna aliyelitoa. Wakisema "Mafabi" na mtoto akanyamaza, basi Mafabi amekufa.

Mama mkwe alitaka litajwe, ajue moja. Akinyi alikataa katakata. Katekista alipokuja kuzungumzia ubatizo, Akinyi alimuuliza, "Mungu aliumba mtu wa nini, ikiwa mtu anaweza kubebwa sokoni kama kuku?" Katekista akakohoa, akasema atarudi. Hakurudi. Mama yetu, huku nyumbani, alipopata habari akanitumia neno kupitia kwa dereva: nenda kamlete dada yako na mtoto, kabla hajaharibika kichwa.

Asubuhi na mapema nilipanda lori la Mutiso pale Bugembe. Mutiso alikuwa Mkamba, dereva wa barabara hiyo ya Kenya, na aliogopa vizuizi vya askari kuliko shetani. Nilibeba chumvi na sabuni, maana siku zile ukienda kwa watu na sabuni unapokewa kama bwana harusi.

"Okumu," Mutiso aliniambia, "leo ukiulizwa kitu na askari, jibu hicho kitu tu. Wewe mtu akikuuliza jina unaanzia kwa babu."

"Sitasema neno," nikamjibu.

Na kweli nilinyamaza, ila kwa sababu nyingine. Nilikuwa natayarisha jibu la Akinyi. Nilisoma kwa wamisionari mwaka mmoja na kitu, mpaka ng'ombe wa baba walipokosa mchungaji, lakini mafundisho ya ubatizo niliyashika. Tulifundishwa kwamba Mungu alimuumba mtu ili amjue, ampende, amtumikie. Nikawa nayarudia kimoyomoyo, amjue, ampende, amtumikie, na miwa ya Wahindi inapita dirishani huku na huku.

Kufika Iganga tukakuta gogo limelazwa barabarani. Askari mmoja, kijana wa Kinubi, Kiswahili chake kinatiririka kuliko changu lakini kwa mtindo wa kambini, akanikazia macho.

"Wewe! Mtu ya nini?"

Kwa Kiswahili chao alikuwa anauliza kabila na kazi. Hilo nalijua leo na nililijua hata siku ile. Lakini kichwa changu kilikuwa kwa Akinyi, na mdomo ukatangulia. Nikasema, "Mtu wa kumtumikia Mungu, afande."

"Padri?"

"Hapana, afande. Napasua mbao."

"Unanichezea?"

Mutiso akaingilia, jasho linamtoka. "Afande, huyu Mjaluo vumbi la mbao limemwingia masikioni, likafika kwenye ubongo. Msamehe, bwana."

Nilikalishwa chini barabarani, viatu mkononi, mpaka lami ikaanza kunichoma. Walichukua mche wa sabuni. Mwishowe yule kijana akanisimamisha. "Siku ingine nikiuliza mtu ya nini, sema kabila, sema kazi. Ile ingine, Mungu mwenyewe anajua."

Mutiso hakunisemesha mpaka tulipoliona jabali la Tororo. Halafu akacheka mpaka nikahofia usukani. "Mtumishi wa Mungu! Vaa viatu, mtumishi."

Alasiri alinishusha Mbale mjini, nikatembea kwa miguu kuelekea chini ya mlima Wanale. Mvua ilikuwa imenyesha juu, na maji yalikuwa yanashuka kwenye ule ukuta wa mawe kama nyuzi nyeupe zilizoanikwa. Nilipofika kwenye migomba ya kina Mafabi nilimsikia mtoto kabla sijaiona nyumba.

Mama Mafabi alinipokea uani. "Karibu, muko," akasema. Ndivyo wanavyomwita shemeji. Kijaluo hakijui, Kigisu mimi sikijui, kwa hiyo tulikutana kwenye Kiswahili, yeye anakivuta huku na mimi nakivuta kule. Alinipa malewa, yale machipukizi ya mianzi yaliyokaushwa kwa moshi na kupikwa na karanga. Jamani, malewa! Lakini nimeahidi.

Akinyi alikuwa amekonda, macho makubwa, mtoto begani analia. Baiskeli ya Mafabi ilikuwa imeegemezwa ukutani, inang'aa. Alikuwa anaipaka mafuta kila siku.

"Mama amekutuma unichukue," akasema.

"Amenituma."

"Na Mafabi akirudi, atamkuta nani?"

Mama mkwe akaweka kikapu chini. "Binti, enda kwenu, unenepe. Lakini mtoto ya ukoo yangu haiendi bila jina. Wacha niite ile jina. Mara moja tu. Mimi ni mama, nataka kujua nilie ao nisilie."

"Hapana!" Akinyi akamfunika mtoto masikio, kana kwamba jina litamchoma. Kisha akanigeukia mimi. "Kaka, wewe ulisoma dini. Niambie. Mungu alituumba tuwe wa nini?"

Nikakaa vizuri, nikatoa jibu langu nililolibeba tangu Bugembe. Amjue, ampende, amtumikie.

Alinisikiliza hadi mwisho. "Basi ni mtumishi," akasema. "Mtumishi akipotea, bwana anaajiri mwingine. Mungu ana watumishi wangapi? Hata hajui kama huyu mmoja hayupo."

Mtoto analia, mimi naangalia sahani.

Ni yule mama mkwe aliyesema. "Muko, wewe unasema vibaya. Mungu hakufanya hivyo. Mungu alimuomba mtu."

"Alimuumba, mama," nikamsahihisha. "Siyo alimuomba. Kuumba."

"Kubumba?" Akanyoosha kidole kwenye chungu kilichokuwa jikoni. "Hiyo ni ya chungu. Sisi tunasema kubumba chungu. Ikivunjika, unabumba ingine, unasahau. Mtu haibumbwi. Mtu unaomba. Mimi nilikaa kwa hii boma bila mtoto, wanawake wananicheka, wananiita shamba ya mawe. Niliomba Mafabi. Alipokuja, nilikuwa nataka anifanyie kazi gani? Hakuna. Nilikuwa nataka yeye." Akajipiga kifuani. "Na Mungu ni hivyo. Alikuwa na kila kitu, lakini hana mtu. Akaomba mtu. Sasa mtu uliomba, ikipotea, unachukua ingine?"

Nilitaka kumwambia tena kwamba neno ni kuumba. Nilifungua mdomo kabisa. Lakini nikakumbuka bustani, yale masimulizi ya mwanzo. Adamu alipojificha, Mungu hakuanza kwa kusema "mtumishi wangu, mbona kazi haijafanyika." Alianza kwa kumtafuta, akitembea na kuita, uko wapi. Nikamweleza Akinyi hivyo, kwa Kijaluo, polepole.

Siku zile "yuko wapi" lilikuwa neno la kunong'ona. Ukilisema kwa sauti, kesho na wewe mkeo anakuulizia hivyo hivyo. Kumbe kuna mmoja aliyelisema hadharani tangu mwanzo wa dunia.

"Kwa hiyo na yeye anamtafuta," Akinyi akasema.

"Anamtafuta."

Machozi yakamtoka, ya kwanza tangu siku ya soko, nyanya aliniambia baadaye. Nikamkumbusha habari ya Hana, mwanamke aliyeomba mtoto hekaluni mpaka kuhani akadhani amelewa, na alipompata akamwita Samueli, maana alimwomba kwa Mungu. Mama mkwe alipiga makofi. "Si nilisema! Kuomba!"

Akinyi akamwinua mtoto. "Samueli," akasema. "Samueli wa Mafabi."

Nyinyi mnangoja nikwambieni alinyamaza. Hakunyamaza. Alilia mara mbili zaidi, miguu inapiga hewa.

"Hiyo jina haitaki," nyanya akasema.

"Mwache alie, mama. Anamlilia baba yake. Katika nyumba hii ni yeye tu aliyekuwa na ruhusa." Akinyi akampa ziwa, na wale wanawake wawili wakakaa kwenye jamvi moja, wakalia pamoja na mtoto, bila kulitaja lile jina kama la marehemu. Mtoto ndiye aliyetangulia kulala.

Siku ya kurudi, baada ya padri wa mjini kumbatiza Samueli, Mutiso alitupitia. Akinyi alikubali kuja kwa mama mpaka apate nguvu, ila tupitie kwanza Jinja nichukue vitu vyangu. Nyanya alibaki na baiskeli na kopo la mafuta. "Mimi nangoja kwa wote," akasema.

Pale Iganga, gogo lilikuwa palepale, na kijana wangu wa Kinubi palepale.

"Mtumishi!" akaita. Mutiso alifumba macho.

"Mjaluo, afande! Mpasua mbao!" nikajibu haraka.

Akacheka. Kisha akachungulia mapajani mwa Akinyi. "Na huyu? Mtu ya nini?"

"Mtu ya kuombwa, afande," Akinyi akasema.

"Ya kuomba? Hapa tunaomba sisi." Wenzake wakacheka. "Nani aliomba yeye?"

"Mungu."

"Na baba yake?"

Nilimkanyaga mguu Akinyi. Hakujali. "Baba yake pia aliombwa. Walimchukua Nakaloke. Nauliza, afande. Yuko wapi?"

Hakuna aliyecheka tena. Injini ya lori ilikuwa inanguruma. Yule kijana alimtazama mtoto muda mrefu, akashusha bunduki begani, akaenda mwenyewe kulivuta gogo. Alipopita dirishani alisema kwa sauti ndogo, "Sijui, mama. Wallahi sijui."

Mafabi hakurudi. Samueli mnamjua, ndiye yule anayewatengenezea baiskeli pale njia panda, na anacheka kabla hujamaliza kisa. Mimi baada ya safari ile sikuacha mafundisho niliyopewa. Kumjua Mungu, kumpenda na kumtumikia, yote ni kweli. Lakini kabla hayajafika hayo mtu alikuwa tayari anatakwa. Nilitoka Jinja na neno sahihi, nikarudi na neno lililokosewa, na hadi leo ninaposali nalitumia hilo lililokosewa: asante, Bwana, kwa kutuomba.