Siku Nesi Zuhura Alipokuja Nikiwa Ndani

Wiki iliyopita nilikwenda shuleni kwa mjukuu wangu Nasra, hapa hapa Madale, maana wazazi waliitwa, naye mama yake alikuwa kazini. Nikakuta wasichana wamevaa fulana za rangi moja, wamekuja kwa kujitolea kuwatia moyo watoto. Mmoja mhandisi, mwingine anaendesha mitambo bandarini. Watoto wanapiga kelele, mie rubani, mie daktari! Msichana mmoja akaniona nimekaa benchi la nyuma, akanijia kwa adabu.

"Shikamoo bibi. Na wewe ulipokuwa mdogo ulitaka kuwa nani?"

Kabla sijajibu, kitoto kimoja kikadakia, "Alitaka kuwa bibi!" Darasa zima likaangua kicheko, na mie nikacheka nao. Lakini, mwenzangu, nilirudi nyumbani nikashindwa hata kuchambua mchele.

Nilisoma kidogo tu, ndiyo maana kila kitu nimekiweka kichwani, majina yote ninayo. Enzi hizo Madale ilikuwa mikorosho na muhogo, nyumba za udongo moja huku moja kule. Msimu wa korosho tulizichoma kwenye bati bovu, moshi wake unawasha macho mpaka unalia, na bado unaingiza mkono utoe ya moto. Alfajiri tunateka maji bondeni, tunafagia uwanja, ndipo tunakwenda shule. Shule yenyewe banda la makuti, na Mwalimu Kosmas, mtu wa bara, akigonga chuma cha gurudumu tuingie. Wasichana wa darasa la nne tulikuwa Tatu, Mwanaidi, Sikudhani na mie Mwajuma.

Sasa huyo Nesi Zuhura alikuwa mzaliwa wa huku huku kwetu, akafanya kazi hospitali ya mjini. Siku yake ya mapumziko, badala ya kulala, alikuwa anakuja shuleni kwetu. Hakuna aliyemlipa. Alitembea mchangani viatu mkononi, gauni jeupe limenyooka kwa pasi, akifika mlangoni anajikung'uta vumbi, anavaa viatu, ndipo anaingia. Alitupa kile kipimo cha masikioni tusikilize moyo wa Mwalimu Kosmas. Sikudhani akapiga kelele, "Mwalimu, kumbe una ngoma ndani!" Siku nyingine akatufundisha kufunga bendeji. Nilimfunga Tatu goti, Nesi akanishika mkono akautazama.

"Mkono huu hautetemeki," alisema. "Fanya mtihani wa darasa la nne, ufaulu. Nitakwenda mwenyewe kuzungumza na wakubwa wako uendelee na shule."

Basi nikawa namfunga kila kiumbe. Mbuzi wa bibi walitembea na matambara miguuni.

Lakini kisimani kinamama walikuwa na yao. "Ana watoto wangapi huyo Zuhura?" "Hana hata wa kusingiziwa." "Na mume je?" "Ameolewa na sindano!" Wakacheka mpaka ndoo zikamwagika. Bibi yangu Mwavua, aliyenilea tangu mama afariki, hakucheka. Alijitwisha ndoo yake akaondoka.

Haukupita muda nikavunja ungo, mtihani umekaribia. Kwetu msichana akivunja ungo anakuwa mwali, anawekwa ndani afundwe. Hatoki, hapazi sauti, haonekani na mgeni, mpaka siku ya kuchezwa ngoma. Nikaingizwa chumba cha nyuma, nikapewa kaniki, na somo wangu Mama Chausiku, ndiye wa kunifunda, akakaa nami.

Siku moja mchana nikasikia hodi. Sauti ya Mwalimu Kosmas, na nyuma yake sauti ya Nesi Zuhura. Wakakaribishwa mkekani, ukuta wa udongo tu ndio uliotutenga.

"Bibi Mwavua, Mwajuma yuko wapi?" Mwalimu akauliza.

"Kasafiri."

"Kasafiri! Na mtihani ni Jumatatu? Kaenda wapi, nimfuate na baiskeli?"

"Huko hakufikwi kwa baiskeli, mwalimu."

Mwalimu wa watu bado akataka kuuliza. Nikamsikia Nesi anamwambia polepole, "Basi, mwalimu, basi." Yeye alielewa. Alikuwa mwali kabla yangu, alijua kwamba mwali hatajwi mbele ya wageni, na ukilazimisha umewavunjia heshima wenye nyumba. Kisha akapaza sauti, uso kauelekeza ukutani nadhani, maana ilinijia moja kwa moja.

"Bibi, huko aliko akifikiwa na salamu, aambiwe ni Jumatatu asubuhi. Akija hata amejifunika gubigubi, tutampokea."

"Salamu tumezisikia," bibi akajibu.

Kiganja changu kilikuwa kimegusa ukuta. Mama Chausiku hakunigombeza. Aliutoa mkono wangu taratibu, akaniwekea ungo wa mbaazi mapajani nimenye.

Utaniuliza mbona sikutoka. Nitoke niende wapi? Mwali akitoka kabla ya siku yake, aibu haimvai yeye peke yake, inamvaa bibi yake, inawavaa shangazi zake wote. Jumatatu chuma cha shule kilipogongwa nilikisikia vizuri sana. Nilimenya mbaazi.

Siku ya kutolewa, sitakudanganya, nilifurahi. Nilipakwa mafuta nikang'aa, kanga mpya, watu wanasema jamani Mwajuma kapendeza. Katikati ya vigelegele Tatu akanisogelea sikioni.

"Nesi alikuja siku ya mtihani. Alisimama nje anatazama njia ya kwenu, mpaka karatasi zikakusanywa."

Nikataka kumwuliza zaidi, wapiga ngoma wakanizunguka. Mwaka haukwisha nikaolewa.

Leo mikorosho imekuwa mageti na kuta, njia ya mchanga imetiwa lami. Wanawali wa kuwekwa ndani namna ile huwaoni tena, na mie siombi warudi. Bibi kafa, nilimpenda mpaka mwisho na sikumwuliza kitu. Mwalimu Kosmas alihamishwa kwao bara. Tatu tulimzika. Nesi Zuhura sikumtia machoni tena, wala sijui alizikwa wapi kama alizikwa. Alikwenda zake bila kujua kama nilimsikia. Nilimsikia kila neno, na hakuna tena wa kumpelekea habari hiyo.